Kakakuona: Tumwandame Mwenye Kontena

Katika sehemu nyingi za Tanzania, kakakuona akionekana watu humwekea maji, nafaka na silaha ili ajulishe kama mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Utabiri huo siuamini, lakini heshima iliyomo ndani yake naithamini kuliko mabango mengi ya uhifadhi. Kinga yake, yaani kujiviringisha na kuficha tumbo laini ndani ya magamba, humshinda simba lakini humrahisishia kazi jangili, ambaye humwokota tu na kumtia kwenye kiroba. Jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja, ambaye humbeba juu ya shina la mkia, hivyo pengo la kila anayeuawa halizibiki upesi.

Magamba hayo ni keratini, kama kucha zetu, wala hakuna ushahidi kwamba yanatibu maradhi kama wanunuzi wanavyoamini. Hata hivyo, Aprili 2019, Singapore ilikamata ndani ya juma moja zaidi ya tani 25 za magamba zilizotoka Nigeria kuelekea Vietnam, ilhali CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ulikwisha kuzuia biashara ya kimataifa ya spishi zote 8 tangu 2017. Ningependa upelelezi uwaandame zaidi wenye makontena na mawakala wao bandarini, kwa kuwa mwanakijiji anayekutwa na kakakuona mmoja mara nyingi hata hamjui mnunuzi wa mwisho.