Ssalongo alipoisikiliza Kaloli

Juni 2020 nilikuwa nimekwama Kampala. Kwetu ni Bukoba na mpaka wa Mutukula, wa Uganda na Tanzania, ulikuwa umefungiwa abiria tangu Machi kwa ajili ya korona, saa moja jioni kafyu, boda haziruhusiwi kubeba mtu, kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa chumba kimoja pale Kalerwe, wenyewe wanakiita muzigo, simu, na kaspika kadogo ka bluetooth.

Ndo mwezi huo Nihiloxica wakatoa Kaloli, albamu yao ya kwanza nzima, kupitia lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Hii bendi ni wapiga ngoma wa kundi la Nilotika la hapohapo Kampala pamoja na Waingereza wawili, Spooky-J kwenye drams na pq kwenye sintesaiza, kile kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Kaloli ni yule korongo mkubwa mwenye mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, anayeshinda majalalani, na kila asubuhi walikuwepo wawili juu ya bati la jirani yangu.

Wahakiki wa Ulaya waliisifia sana, na ni haki yao kuisifia, ni kazi kubwa ile. Ila maneno yalikuwa yaleyale, tekno, hevi meto, giza, nguvu. Na mimi nilikuwa nimeombwa na rafiki yangu mwenye kipindi cha redio nimwandikie uhakiki wa dakika tano, nikaandika kama wao, sintesaiza mwanzo mpaka mwisho na ngoma sentensi moja, "ngoma za asili zenye nguvu".

Jioni moja kabla ya kafyu nikaiweka albamu barazani. Jirani yangu, mzee tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, na ujana wake alipiga ngoma kwenye maharusi, akavuta kigoda akakaa. Kiswahili chake alikipata Kisumu alikofanya kazi zamani. Wimbo wa Black Kaveera ukapita hajasema kitu. Ukaja Salongo, nikamwambia ssebo, yaani bwana, huu wimbo unaitwa jina lako, akanyanyua kidole ninyamaze.

"Huyo wa ngalabi amefundishwa," akasema. Akanieleza, ngalabi ni ile ndefu, ngozi yake ya kenge, inapigwa kwa viganja, na Buganda mtu akikwambia anaenda kwenye ngalabi unajua kuna msiba unamalizwa. Ile ngoma ndogo inayolia juu kwa vijiti viwili ni namunjoloba. Halafu akavuta jerikeni tupu la maji, akaligeuza, akaanza kuniwekea mdundo wa empuunyi, ile ngoma ya besi, taratibu, huku wimbo unaenda, na hapo kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kile nilichokiita besi ya mashine muda wote huo, kwa sehemu kubwa kilikuwa mkono wa mtu. Nilikuwa nimeisikiliza albamu ile labda mara ishirini!

Nikamsomea uhakiki wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akauliza, "Wazungu umewataja. Hawa wanaopiga wanaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Iliniuma sana, maana mimi ni mtoto wa Bukoba, nimekulia kwenye ngoma, na wale watu wanaishi mji uleule niliokuwepo mimi.

Usiku ule nikaandika upya. Nikaanza na Jamiru Mwanje, nikaja kwa Alimansi Wanzu Aineomugisha, nikaeleza ngalabi ni nini na ngozi yake inatoka wapi, nikasema sintesaiza ya pq ni nzuri kwa sababu inajua kusubiri ngoma, haiziburuzi, na hilo mpaka leo nalisimamia. Dakika tano zikawa tisa. Rafiki yangu akalalamika lakini akaisoma yote.

Ssalongo akataka nimtumie ule wimbo wa jina lake. Simu yake ilikuwa kitochi, haina pa kuuweka, basi hadi mpaka ulipofunguliwa nikaondoka, kila jioni ikifika saa kumi na mbili nilikuwa naisogeza ile spika mlangoni, na yeye anakuja na jerikeni lake.