Kocha aliyenifundisha kuanguka

Jamani leo acha nimsifie kocha wangu wa judo, maana sisi tumezoea kusifia mtu akishaondoka. Nilianza na kichwa cha muvi, nikajua siku ya kwanza tu narusha watu, kumbe wiki tatu nzima ni kuanguka, unaanguka chali, unaanguka ubavu, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, unainuka unaanguka tena, wenyewe wanaita ukemi. Nilichukia yaani! Nikamuuliza tutaanza lini sasa, akacheka akasema ushaanza zamani.

Juzi nimeteleza kwenye ngazi zenye maji, mwili wenyewe ukajikunja, kidevu ndani, mkono pembeni, nikainuka na mchubuko wa kiwiko tu. Nilimkumbuka palepale.

Halafu yule mtu hapigi kelele. Kabla yake nilikuwa na mwalimu mwingine wa karate (simtaji), ukikosea anakufanya kichekesho mbele ya wenzako, nikaacha. Huyu anakuja taratibu, anakushika kola, anakuonyesha mguu uende wapi, mara kumi kama ni lazima. Ila mwenzako akigonga mkeka kwamba ameshindwa halafu usimwachie hapohapo, ndo utaiona sura yake nyingine. Jigoro Kano alipoanzisha judo Japani mwaka 1882 alitaka wanaofanya mazoezi wanufaishane, na kocha wangu hilo halihubiri, analifanya tu, mkanda mweusi wa miaka kibao lakini mkeka anaufagia mwenyewe.

Mimi bado mkanda mweupe. Kesho zoezi saa 12 asubuhi, ngoja nilale.