Nilivyoipata mashine ya CPAP isiyouzwa nchini kwetu

Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba nina ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini (sleep apnea), na kwamba yangu inakatika zaidi ya mara 30 kwa saa; kuanzia hapo madaktari huuita mkali. Tiba yake ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe ukilala. Daktari alinieleza yote vizuri, kisha akaniambia hamfahamu mtu yeyote nchini anayeiuza.

Nilianza na karatasi. Nilimwomba aniandikie barua yenye jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ugonjwa, aina ya mashine, kiwango cha mgandamizo wa hewa, na sentensi moja ya kusema kwamba ni kwa matumizi yangu mwenyewe. Marekani, kwa mfano, huuziwi CPAP bila cheti cha daktari. Pia niliwaandikia wanaosimamia vifaa tiba kuuliza kama mgonjwa anayejiletea mashine moja anahitaji kibali. Walijibu, taratibu kama kawaida yao, na jibu lile nikalichapisha.

Za mitumba zinashawishi kwa bei. Lakini mashine hizi huhesabu saa zilizofanya kazi, na mwaka 2021 mamilioni yake ziliitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ilikuwa inachakaa na kumeguka, chembe zake zikaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Nilimwomba muuzaji mmoja picha ya saa hizo pamoja na namba ya mashine. Kimya. Nikanunua mpya.

Katika kuchagua, sikujali sana kioo wala programu ya simu. Niliuliza kitakachoisha kwanza ni nini. Barakoa hainisumbui, kwa kuwa mabomba mengi yana mdomo wa milimita 22 na barakoa ya kampuni moja huingia kwenye mashine ya nyingine. Vichujio na tangi la maji ndivyo hufuata modeli, kwa hiyo niliagiza vya akiba papo hapo. Nilihakikisha pia kwamba adapta imeandikwa volti 100 hadi 240. Hapo unabadilisha plagi tu.

Sikutaka itumwe kama kifurushi. Binamu yangu alikuwa anarudi nyumbani, akaibeba mkononi, tangi likiwa tupu, barua na risiti juu kabisa ya begi. Forodhani ofisa aliinyanyua barakoa kwa mikanda yake, akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya rubani. Binamu akampa barua. Risiti ilikuwa na msimbo wa forodha 9019.20, ambamo vimo vifaa vya tiba ya upumuaji, nilioomba muuzaji auandike. Ofisa aliutafuta kwenye kompyuta, akaona ni kifaa cha tiba, akagonga muhuri.

Mgandamizo niliuweka nikiwa na daktari, na kadi ya kumbukumbu ya mashine humpelekea kila niendapo kliniki aone pumzi zinakatika mara ngapi sasa. Usiku wa mwanzo hewa ilivuja puani. Kukaza mikanda kulizidisha. Dawa ilikuwa kuilegeza, kulala chali mashine ikiwa imewashwa, mto wa barakoa ujae hewa, ndipo nikaze kidogo kidogo. Vichujio sasa huagizwa kwa bahasha, nakala ya barua ikiwa ndani.