Alilala Kweli?

Miaka hiyo nilikuwa msaidizi katika darasa la watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo. Nilikuwa nagawa Biblia, naandika mahudhurio, na kumsomea Padre macho yake yakichoka. Jioni hiyo tulikuwa sura ya 4 ya Injili ya Marko, kwenye dhoruba. Nikasoma hadi pale mawimbi yanapoingia chomboni, naye Yesu yuko katika shetri, yaani nyuma ya chombo, "amelala juu ya mto". Sijamaliza mstari, mama mmoja aliyezoea kukaa karibu na mlango akanyosha mkono.

"Padre, alilala kweli, au alijifanya?"

Mama huyo alikuwa anamuuguza mzazi wake, mgonjwa wa kitandani. Usiku wake ulikuwa wa kumgeuza mgonjwa, kubadilisha shuka na kutega sikio kama bado anapumua. Alikuwa anakuja darasani macho mekundu. Nilijua haulizi ili kumtega mtu.

Kijana wa safu ya mbele akamjibu upesi: alijifanya, alitaka kuwapima imani wanafunzi wake, kwa sababu Mungu halali. Akataja Zaburi ya 121, "hatasinzia wala hatalala usingizi". Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu lenye nia njema. Lilitaka kumlindia Mungu heshima yake.

Padre alivua miwani. "Mwanangu, kama usingizi ule ni maigizo, basi na njaa ya jangwani ni maigizo. Uchovu wa pale kisimani Samaria, maigizo. Machozi ya kaburini kwa Lazaro, maigizo. Na msalaba tuuiteje?"

Akatueleza kwamba wazo hilo, kwamba Yesu alionekana tu kama mwanadamu, ni la zamani sana, na waliolishika waliitwa Wadoseti. Waraka wa kwanza wa Yohana tayari unapambana nalo, unapotaka tukiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Askofu Ignasi wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaandikia Wakristo wa Smirna kwamba kama mambo hayo Bwana aliyatenda kwa mwonekano tu, basi hata minyororo yake yeye Ignasi ni ya mwonekano. Maneno hayo yalinishika na hayajaniachia. Mtu aliyefungwa hana muda wa kubishana kuhusu vivuli.

Kijana hakukata tamaa, na nilimpenda kwa hilo. Akasema labda ni kama mfalme aliyevaa nguo za maskini ili atembee kati ya watu wake. Padre akakataa. Nguo zikilowa, alisema, mfalme hubadilisha, na jioni huzivua akarudi ikulu. Mwana wa Mungu hakuvaa mwanadamu. Alikuwa mwanadamu.

"Basi ni mtu," akasema mwingine.

Hapo Padre alipita haraka: padre Ario wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliojibu kwa maneno tunayoyakiri hadi leo, "Mungu kweli kwa Mungu kweli". Alipofika Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, alichukua chaki na kuandika ubaoni kwa herufi kubwa: bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Nafsi moja, asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu. Nimesikia watu wakilalamika kwamba maneno hayo manne hayaelezi chochote. Mimi naona uzuri wake upo hapo hapo. Maaskofu wale hawakudai kuipima siri kwa rula. Walizuia tu isipunguzwe upande wowote.

Akaniambia nisome mstari unaofuata. Yule aliyekuwa amelala anaamka, anaukemea upepo, na bahari inatulia. "Ni wawili hao?" akauliza Padre. "Mmoja wa kulala na mwingine wa kukemea? Ni huyo huyo mmoja."

Mama wa mlangoni alikuwa bado amesimama. Padre akamgeukia, akamweleza alichoandika askofu Gregori wa Nazianzo katika karne ya 4: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakuutwaa uchovu wetu, uchovu wetu umeachwa nje ya wokovu.

"Kwa hiyo anajua kuchoka," mama akasema.

"Anajua, Mama. Hakusimuliwa."

Alikaa, na nikadhani yameisha. Nikaanza kukusanya Biblia. Lakini nikamsikia tena, safari hii bila kunyosha mkono: "Na sasa je, Padre? Alipopaa, mwili aliuacha?"

Swali hilo halikuwa katika somo la siku hiyo, na muda ulikuwa umekwisha. Watu waliokuwa wameshanyanyuka wakarudi vitini. Padre akasema la, hakuuacha. Alifufuka nao na kupaa nao, na hadi leo Mwana wa Mungu ni mwanadamu. Yule kijana wa mbele akauliza kama na alama za misumari anazo. Padre hakumjibu. Alichukua Biblia moja kutoka mikononi mwangu, akafungua Yohana sura ya 20, penye habari za Tomaso, akampa asome mwenyewe.