Mluzi wa Babu

Juzi mwanangu alimrukia baba yangu shingoni, mara ukasikika mluzi mwembamba. Akaruka nyuma. "Babu, nani anapiga mluzi ndani ya sikio lako?" Baba alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanitazama. Tulikuwa tumemkumbuka mtu mmoja.

Babu yangu mimi alikikataa kifaa cha kusikia kwa muda mrefu. Alisema hana shida ya masikio, sisi ndio tunaonong'ona. Alipokubali, ni kwa kuwa Bibi alikuwa amechoka: kila neno lilibidi lirudiwe kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, na siri za nyumbani zikawa za majirani.

Jioni aliyorudi nacho, nyumba nzima tulimzunguka. Bibi alisimama mlangoni, mikono bado inachuruzika maji ya vyombo. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sidhani kama niliwahi kumsikia akiitumia kwa Babu: "Wanisikia?"

Babu akageuza kichwa taratibu. "Nakusikia. Usipige kelele."

Tukaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alikwenda moja kwa moja akamkumbatia, shavu kwa shavu, na hapo hapo sikio likalia: fyuuuu!

Bibi akamsukuma, akajiweka sawa kitambaa cha kichwani. "Ewe mzee! Mbele ya wajukuu?"

Babu alituangalia mmoja mmoja. "Mimi?"

Bibi akamsogelea tena, safari hii kwa hasira, akamkamata sikio lile lile. Fyuuuu! Baba mdogo alijitupa sakafuni, akicheka bila sauti, akipiga zulia kwa kiganja.

Baba ndiye aliyefafanua. Kifaa kile kikizibwa, au kisipokaa vyema sikioni, sauti inayotoka kwenye spika yake inavuja na kurudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena na tena hadi inakuwa mluzi. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, asikubali hata neno moja. Kwake yeye, mumewe alikuwa amempigia mluzi, basi.

Babu akaupenda mchezo. Ikawa Bibi akipita, anainua kiganja polepole, analifunika sikio. Fyuu. Bibi anasonya, lakini mwendo anaupunguza. Nilikuwa mdogo, ila hilo la mwendo nililiona, na sijawahi kuona namna nzuri zaidi ya watu wawili kuzeeka pamoja.

Baba mdogo hushikilia kwamba hata mluzi wa kwanza haukuwa ajali, eti Babu alikijaribu kifaa chake njia nzima akirudi nyumbani. Baba hubisha. Mimi naomba iwe kweli, na tangu juzi nimekuwa nikijaribu kukumbuka mikono ya Babu ilikuwa wapi wakati ule. Mmoja ulikuwa mgongoni mwa Bibi. Wa pili siuoni.