Nilivyonunua sarafu yangu ya kwanza ya dhahabu ya Marekani

Karibu kila niliyemuuliza hapa Ohio alinipa ushauri uleule: tafuta ya zamani zaidi, ndiyo adimu. Unaniudhi hadi leo, maana uadimu wa sarafu hizi uliletwa na tanuri. Aprili 1933 Rais Roosevelt aliamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao benki, na sarafu nyingi zikaishia kuyeyushwa. Za dola 20 za mwaka 1927 zenye herufi ndogo D juu ya mwaka, yaani zilizotengenezwa Denver, zilitoka 180,000. Zinazojulikana leo hazifiki ishirini. Za 1924 za Philadelphia, zisizo na herufi, zilizidi milioni nne, na nyingi zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimehifadhiwa kwenye benki za Ulaya. Ya zamani ndiyo rahisi kupatikana!

Kwa hiyo nikaazimia kupata ya 1924. Kwenye gulio la vitu vya kale muuzaji mmoja akanitolea ya dola 20 ya mwaka 1849, kwa bei ya kutupa, akiapa ni ya babu yake. Ya mwaka huo inajulikana moja tu, nayo iko Smithsonian, makumbusho ya taifa kule Washington. Hata hivyo nilitaka aone mwenyewe kuwa yake ni bandia.

Nikatoa mizani yangu ya sonara na gilasi ya maji. Sarafu halisi ya dola 20 ina gramu 33.4. Ukishaipima kavu, weka gilasi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa sarafu halisi ni kama gramu 1.9. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, utapata 17 na kidogo, yaani ni nzito mara 17 hivi kuliko maji ya ujazo uleule. Shaba haizidi 9, risasi ni 11. Ya yule bwana haikufika hata 9. Watu walikwisha kutuzunguka. Akaifunga kwenye kitambaa chake, kimya.

Kipimo hiki kinathibitisha dhahabu, si mwaka. Wapo walioghushi kwa dhahabu halisi, ndiyo maana yenye mwaka adimu sinunui bila cheti cha wakaguzi.

Ya 1924 niliipata kwa sonara mmoja, dola elfu mbili na ushee, karibu sawa na bei ya dhahabu yenyewe wakati huo. Naye alikubali niizamishe majini kabla sijalipa.