Kompyuta mbili, nyumba moja, hazionani

Nyumba yetu ya Bwiru, Mwanza, imekaa juu ya mawe, na kuta zake ni nene. Wai-fai ya sebuleni haikufika chumba cha nyuma, nikanunua ruta ya pili na kuivutia waya. Intaneti ikaja safi. Kesho yake mke wangu akaita kutoka sebuleni: "Baba Neema, mbona mafaili ya dagaa siyaoni?" Mafaili hayo yalikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma.

Nilianza kwa kuzima ukuta wa moto, programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Kazi bure, nikauwasha tena. Nikajaribu ping, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inafikika: kutoka nyuma kwenda sebuleni inajibu, kutoka sebuleni kwenda nyuma kimya. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka mapema. Nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kwenye zote mbili. Sebuleni 192.168.1.104, nyuma 192.168.0.101. Tazama namba ya tatu, baada ya nukta ya pili: 1 na 0, yaani mitandao miwili tofauti! Waya niliuchomeka kwenye tundu la WAN, la kupokelea intaneti kutoka nje, basi ruta ya pili ikajitengenezea mtandao wake na kuficha kila kilicho nyuma yake.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta hiyo, nikaipa anwani 192.168.1.2 (ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, na hugawia vifaa anwani kuanzia 192.168.1.100, hivyo hazigongani), kisha nikaizima DHCP, huduma ya kugawa anwani, ili ruta ya kwanza pekee igawe. Mwisho nikahamishia waya kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani ya nyumba, na kuwasha upya kompyuta ya nyuma. Ikapata 192.168.1.105.

Mafaili yakafunguka. Mama Neema hakuuliza kilichokuwa kimeharibika. Alitaka tu bei za dagaa za juzi za soko la Kirumba.